KUSIKIA NI HAKI YA MWANACHAMA

(Hotuba iliyosomwa katika semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Katika semina za ushirika mambo yaliyozoeleka ni leja, mizani, stakabadhi, mikopo ya pembejeo na utunzaji wa ghala. Hotuba hii inahusu sikio. Huenda mjumbe akauliza sikio lina uhusiano gani na ushirika, na kwa nini jambo hili lisiachiwe waganga wa hospitali. Jibu ni kwamba shughuli za chama husemwa kwanza ndipo zikaandikwa. Uzito husomwa kwa sauti kwenye mizani, bei hutangazwa kwa sauti, hesabu za mwaka husomwa mbele ya mkutano, na hoja hutolewa na kujibiwa kwa mdomo. Mwanachama asiyesikia huhudhuria kwa mwili tu. Chama chake huendeshwa bila yeye, naye huambiwa kwamba alikuwepo.

KISA CHA MZEE WA KAHAWA

Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, mkutano mkuu wa mwaka uliazimia kwamba kila mwanachama akatwe fedha kidogo kwa kila kilo, ili mashine ya kumenya kahawa ifanyiwe matengenezo na paa la ghala liezekwe upya. Azimio lilipita bila mpinzani. Katika kitabu cha kumbukumbu iliandikwa: "Wanachama wote waliafiki." Miezi kadhaa baadaye, malipo ya pili yalipotolewa, mzee mmoja aliyekuwa mwanachama tangu ujana wake alihesabu fedha zake dirishani, akazihesabu tena, kisha akasema mbele ya watu kwamba karani amemwibia.

Karani alikuwa kijana mwaminifu, naye aliumia sana. Kamati ikaketi. Wajumbe wakakumbushana kwamba mzee alikuwepo mkutanoni, kwamba alikaa safu za nyuma pamoja na wazee wenzake, na kwamba mkono aliunyosha. Wengine wakaongeza kwamba mzee huyo ameingiwa na jeuri siku hizi: huitwa asiitike, husalimiwa akapita, na kwenye mizani hakosi kubishana. Ikapendekezwa apewe onyo la maandishi, na akirudia afikishwe mbele ya mkutano mkuu avuliwe uanachama.

Katibu aliomba apewe siku tatu. Jioni moja alikwenda nyumbani kwa mzee, akiwa na kitabu cha kumbukumbu kwapani. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, asijibiwe. Mke wa mzee ndiye aliyetoka jikoni akamkaribisha, akamwambia, "Mwanangu, zunguka ukae mbele yake akuone mdomo. Baba yako huyu hasikii vizuri, mwaka wa sita huu."

Katibu akazunguka, akaamkia tena, akaitikiwa kwa furaha. Kisha akalisoma lile azimio polepole, neno baada ya neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo.

"Maneno hayo yalisemwa lini?"

"Siku ya mkutano mkuu, mzee. Nawe ulinyosha mkono."

"Nilinyosha kwa kuwa wenzangu walinyosha. Ningebaki peke yangu nimeshusha mkono, watu wangeniuliza sababu, nami nisingejua wameuliza nini."

Azimio lilibaki vilevile, wala fedha hazikurudishwa, kwa maana akidi ilitimia na kura ilikuwa halali. Mzee alimwomba karani radhi mbele ya watu walewale waliosikia tuhuma yake. Lakini kamati ilibaki na swali ambalo kitabu cha kumbukumbu hakikuweza kulijibu: mtu aliyenyosha mkono kwa jambo asilolisikia, je, ameafiki? Na siku ile walionyosha mikono kwa namna hiyo walikuwa wangapi?

NI WANGAPI WASIOSIKIA?

Swali hilo la mwisho lina majibu, nayo ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani, yaani kiasi cha mtu 1 katika kila watu 5, wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kati yao watu wapatao milioni 430 wana upungufu mkubwa unaohitaji tiba au msaada. Karibu wanane katika kila kumi wa kundi hilo la pili wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako wataalamu wa masikio ni wachache na vifaa ni ghali. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 wenye upungufu wa kiwango fulani watakaribia bilioni 2.5.

Jambo la kuzingatiwa na vyama ni umri. Miongoni mwa watu waliopita miaka 60, zaidi ya robo yao wana upungufu mkubwa wa kusikia. Katika nchi jirani ya Malawi, uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Ntcheu mwishoni mwa miaka ya 2010 uliwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kijiji kwa kijiji. Zaidi ya theluthi yao walikutwa na upungufu wa kiwango fulani, na mtu 1 hivi katika kila 10 alikuwa na upungufu wa wastani au mkubwa zaidi. Waliokuwa na vifaa vya kusaidia kusikia walikuwa wachache mno.

Basi na ichukuliwe kwa mfano chama chenye wanachama 400, ambao 120 kati yao wamepita miaka 60. Jambo hili si geni, kwa maana katika vyama vingi vya kahawa, pamba na korosho wanachama ni wazee, na vijana husubiri kurithi shamba. Robo ya watu 120 ni watu 30. Kila katibu anajua kura 30 zinaweza kufanya nini katika mkutano mkuu. Ziliwahi kumwondoa mwenyekiti, ziliwahi kupitisha mkopo.

Hata hivyo, katibu akiulizwa chama chake kina viziwi wangapi, atajibu mmoja au wawili, tena atawataja kwa majina. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 iliandikisha watu zaidi ya laki nne wenye shida ya kusikia, katika taifa la watu wapatao milioni 44.9, yaani kiasi cha mtu 1 katika kila 100. Tofauti kati ya hesabu hii na zile zilizotangulia haina maana kwamba mmoja amedanganya. Sensa huhesabu wa umri wote, watoto wakiwemo, nayo huuliza kwa mdomo. Uchunguzi wa masikio hupima kwa chombo. Anayeulizwa hujibu lile analolijua na lile asiloona haya kulisema, na mara nyingi anayejibu kwa niaba ya mzee ni mkuu wa kaya.

KWA NINI HAWAONEKANI

Mguu ukivunjika watu huuona, na jicho likiingia mtoto wa jicho watu huona weupe wake. Sikio likififia hapana dalili usoni. Tena hufifia taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata mwenyewe huona kwamba ni watu waliobadilika: vijana wa siku hizi hawatamki maneno vizuri, redio imeharibika, karani anasema kwa siri.

Lugha yenyewe huongeza ugumu. Katika Kiswahili neno "kusikia" lina maana ya kutii pia. Mtoto mtukutu husemwa kwamba hasikii. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizo ni za hekima, lakini zilikusudiwa kwa mkaidi, nazo zimezoeza watu kuhukumu. Mtu asipoitika, wazo la kwanza ni kwamba ana kiburi. Wazo kwamba hakusikia huja mwisho, au haliji kabisa. Yule mzee wa kahawa alikaribia kufukuzwa katika chama kwa kosa la kiburi asichokuwa nacho.

Naye asiyesikia hujificha. Hucheka watu wakicheka, huitikia "ndiyo" kwa swali lisilo la ndiyo, hunyosha mkono wenzake wakinyosha. Akichoka kujifanya, huacha kuja. Mahudhurio ya wazee yakipungua, kamati husema wamechoka na ushirika.

SITA NA TISA

Upungufu unaoletwa na umri au kelele hauondoi sauti zote kwa pamoja. Huanza na zile nyembamba na kali. Sauti nene kama a, o na u hubaki zikisikika, ilhali s, t, f na sh hupotea kwanza. Ndiyo maana mwenye tatizo husema, "Nasikia mnasema, lakini sisikii mnasema nini." Kumpigia kelele hakusaidii sana, kwa kuwa kelele hukuza zile sauti anazozisikia tayari na kumwumiza.

Sasa na lifikiriwe jambo linalotendeka kwenye mizani. Karani husoma "sitini", mkulima husikia "tisini". Maneno hayo mawili yana irabu zilezile, na yanatofautishwa na s na t tu, ambazo ndizo sauti zinazotoroka mapema katika sikio la mzee. Vivyo hivyo "sita" na "tisa". Kati ya sitini na tisini kuna kilo 30, na kwa mkulima mdogo kilo 30 ni ada ya shule au dawa ya mibuni. Mkulima hurudi nyumbani akijua amepima tisini, na malipo yanapokuja kwa sitini, hapana hoja itakayomwondolea moyoni kwamba ameibiwa. Magomvi mangapi ya mizani yaliyofika kwenye kamati yalianza kwa wizi, na mangapi yalianza kwa sikio? Hapana anayejua, kwa maana hapana aliyeuliza.

CHANZO CHA UPUNGUFU

Cha kwanza ni umri, ambao haukwepeki.

Cha pili ni kelele, nacho kinawahusu wanaushirika kwa karibu. Ndani ya sikio, katika sehemu iliyojikunja mfano wa konokono, kuna chembe zenye vinyweleo vidogo ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kelele nyingi huzichosha, na zikichoshwa kila siku hufa. Zikifa haziioti tena kwa binadamu. Wataalamu wa afya ya kazini hushauri mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kwamba kila kelele inapopanda kwa desibeli 3 muda huo ukatwe nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa desibeli 91. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2005 ziliweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8. Vyama vingi havina chombo cha kupimia, lakini kipo kipimo cha kienyeji: ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja hawawezi kuelewana bila kupaza sauti, mahali hapo panaharibu masikio.

Kwa kipimo hicho, kila mjumbe anaweza kujaza orodha yake mwenyewe: mashine ya kusaga, mashine ya kukoboa kahawa na mpunga, kiwanda cha kuchambua pamba, korona ya mkonge, trekta, msumeno wa injini. Uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya chuma nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wafanyakazi waliopimwa walikuwa na upungufu wa kusikia, wakati miongoni mwa walimu wa shule za msingi waliolinganishwa nao waliokutwa hivyo walikuwa theluthi hivi. Mwalimu huzeeka sawa na mfua chuma. Tofauti iliyobaki si ya umri.

Cha tatu ni maradhi. Usaha wa masikio ulioachwa bila kutibiwa tangu utotoni hutoboa ngoma ya sikio. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuacha uziwi nyuma yake.

Cha nne ni dawa. Kwinini huweza kuleta mvumo masikioni na upungufu ambao mara nyingi huondoka dawa ikiisha. Sindano za streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini huweza kuleta uziwi usioondoka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini isitumike tena katika kutibu kifua kikuu sugu, na vidonge vipewe kipaumbele badala ya sindano. Mgonjwa asiache dawa kwa hofu. Lakini akisikia mvumo au sauti zikififia, amweleze mganga siku hiyohiyo.

Cha tano ni nta iliyoziba. Hiki ndicho chepesi kuliko vyote, na wapo watu waliokaa miaka wakidhani wamekuwa viziwi ilhali muuguzi angewasafisha kwa muda mfupi. Njiti ya kiberiti, unyoya na pini huisukuma nta ndani zaidi au kutoboa ngoma. Mafuta ya taa yasitiwe sikioni kamwe.

YAWAPASAYO VYAMA

Kanuni za ushirika zilizothibitishwa mjini Manchester mwaka 1995 zinasema kwamba ushirika huongozwa kidemokrasia na wanachama wenyewe, na kwamba katika vyama vya msingi kila mwanachama ana kura moja sawa na mwenzake. Kura ya mtu asiyejua anapiga kura juu ya nini si sawa na ya mwenzake. Kwa hiyo mambo yafuatayo yafaa kufanywa, na mengi yake hayagharimu senti moja.

Kwenye mizani: Karani amgeukie mkulima, aseme uzito huku midomo yake ikionekana, kisha amwonyeshe tarakimu kwenye mizani na kwenye stakabadhi kabla ya kumkabidhi. Tarakimu zitamkwe mojamoja pia: "sitini, yaani sita na sifuri". Mkulima airudie kwa mdomo wake. Wasiojua kusoma wapewe nafasi ya kuja na mtoto au jirani wanayemwamini.

Kwenye mkutano: Mashine ya kusaga iliyo karibu izimwe mpaka mkutano umalizike. Wazee wakaribishwe mbele, wala wasiulizwe sababu. Msemaji asimame penye mwanga, asizibe mdomo kwa karatasi, asigeukie ubao anaposema. Azimio na kila kiasi cha fedha viandikwe ubaoni kwa herufi kubwa. Kabla ya kura, Mwenyekiti asirudie kwa kupaza sauti. Arudie kwa maneno mengine, polepole. Swali "Mmesikia?" halifai, kwa kuwa asiyesikia ataitikia pamoja na wenzake. Lifaalo ni kumwomba mwanachama mmoja aeleze jinsi alivyolielewa jambo.

Kwenye kitabu: Katibu asiandike "wote waliafiki" kwa kutazama mikono kwa mbali. Mikono ihesabiwe, waliopinga waandikwe, wasiopiga waandikwe. Mwanachama aliyezaliwa kiziwi na anayetumia lugha ya alama ana haki ya kuja na mkalimani wake, naye mkalimani asihesabiwe kuwa mgeni asiyeruhusiwa.

Kwenye mashine: Chama chenye mashine ni mwajiri. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Nati zikazwe, beringi zitiwe grisi, bamba zinazotikisika zifungwe, kwa maana mashine iliyotunzwa hupiga kelele kidogo na hudumu zaidi. Wasagaji wapokezane zamu. Wapewe viziba masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha. Wanawake wanaosubiri unga na watoto waliobebwa mgongoni wasubiri nje, mbali na injini.

Kwa afya: Kamati iombe zahanati au hospitali ya wilaya ipange siku ya kupima masikio ya wanachama, kwa mfano karibu na tarehe 3 Machi, ambayo ni Siku ya Usikivu Duniani. Wenye nta wasafishwe, wenye usaha watibiwe, na wenye upungufu mkubwa waandikiwe barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Kifaa cha kusaidia kusikia ni ghali, nacho huhitaji betri kila mara na mtu wa kukirekebisha; kwa hiyo kisiahidiwe kwa haraka. Chama chenye mfuko wa jamii kinaweza kuamua kusaidia, lakini kiamue katika mkutano mkuu, hesabu zikiwa ubaoni.

MWISHO

Mkutano mkuu uliofuata wa kile chama cha kahawa ulifanywa mashine ikiwa imezimwa. Mbele kuliwekwa mabenchi mawili ya wazee, na makadirio ya mwaka yakaandikwa ubaoni kwa chaki. Kamati ilipendekeza chama kinunue pikipiki ya karani. Yule mzee akasimama, akiwa wa kwanza kusimama kati ya wazee, akasema pikipiki ingoje mpaka deni la pembejeo limalizike, tena akataja deni lenyewe kwa shilingi zake.

Hoja yake ilishindwa kwa kura, na pikipiki ikanunuliwa. Lakini safari hii katibu aliandika waliokubali ni wangapi na waliopinga ni wangapi, na mzee alikwenda nyumbani akijua kilichoamuliwa. Malipo yalipotolewa aliyahesabu mara moja tu.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, mtakaporejea vyamani, na afanye kila katibu jambo moja kabla ya msimu kuanza: achukue daftari la wanachama, atafute majina ya wale walioacha kuja mikutanoni, awatembelee nyumbani, na akifika akae mbele yao wamwone mdomo.